Kuboresha feni ya injini kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wanaotunza Peugeot 404 na 504, Land Rover za Series, Datsun 1200 na wenzake. Mimi mwenyewe nina 504, kwa hiyo mifano mingi itaegemea huko. Kanuni zinafaa kwa gari lolote la zamani linalopozwa kwa maji. Mwenye Volkswagen Beetle aruke moja kwa moja hadi swali la 24.

## Kabla hujashika spana

1. Feni ya injini inafanya kazi gani hasa?

Inavuta hewa ipite kwenye rejeta pale ambapo mwendo wa gari hautoshi kuisukuma hewa hiyo. Ukiwa kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa barabara ya wazi, upepo wa mbele unatosha kwa gari lenye rejeta nzima, na feni ni abiria tu. Inahitajika kwenye foleni, kwenye kurudi nyuma, kwenye matope na kwenye mlima mrefu unaopandwa gia ya pili nyuma ya lori la shehena. Hali hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Pale kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, injini inafanya kazi nzito kabisa huku gari likitembea kama mtu anayetembea kwa miguu.

2. Gari langu linachemsha. Nitajuaje kama tatizo ni feni?

Jiulize linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni, kisha mshale ukashuka wenyewe ukianza kutembea, feni ni mshukiwa wa kwanza. Likichemsha ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80, iache feni. Hapo tafuta rejeta iliyoziba, mkanda unaoteleza, pampu iliyoliwa mapanga, mpira wa chini unaojikunja ukivutwa na pampu, taimingi iliyochelewa, au gasketi ya hedi iliyokwisha kuungua.

Nasema hivi kwa sababu karibu nusu ya watu wanaoniuliza feni ipi ni kubwa zaidi wanaficha rejeta mbovu bila kujua. Feni kubwa kwenye rejeta iliyoziba itakupa wiki chache za amani, halafu siku moja ya safari ndefu hedi inapinda. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu, na haina msamaha.

Kipimo cha bure: injini ikiwa imepata moto wa kawaida, izime, chomoa ncha hasi ya betri, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta taratibu, bila kugusa mapanga. Joto linatakiwa lipungue polepole kutoka upande maji yanakoingia kwenda upande yanakotokea. Ukikuta kipande kimoja kimepoa ghafla katikati ya joto, mirija ya hapo haipitishi maji. Mpelekee fundi rejeta aifungue na kuipiga rodi, au abadilishe kiini chote.

3. Fundi amesema tutoe thamostati, mambo yaishe. Ni kweli?

Hapana. Ushauri huu umezeeka kuliko magari yenyewe. Bila thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla hayajapata moto, injini inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta, oili inachafuka na silinda zinalika haraka. Tena kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji, thamostati ndiyo inayoifunga njia hiyo maji yakishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi. Kama thamostati ni mbovu, weka mpya ya nyuzi zilezile, kwa kawaida 82 au karibu yake.

4. Lakini gari hili lilikuwa halichemshi likiwa jipya. Kwa nini lihitaji feni nyingine sasa?

Swali zuri, na mara nyingi jibu lake ni kwamba halihitaji. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975, na ile ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda 1978. Magari hayo yalipita jangwa la Taru na milima yote ya Afrika Mashariki, wala hayakuzaliwa na ugonjwa wa joto.

Kilichobadilika ni miaka 40 na ushee ya maji ya bomba yanayoacha magadi ndani ya mirija, mapezi ya rejeta yaliyolala kwa kuoshwa na presha, kava la feni (lile bati linaloizunguka na kuongoza hewa) lililotupwa na fundi fulani mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na foleni za saa 2 ambazo mhandisi wa 1968 hakuziona. Kama na kiyoyozi kimeongezwa baadaye, kuna rejeta ya pili mbele ya ile ya kwanza. Rudisha kwanza vilivyopotea. Kama bado linapanda joto kwenye foleni, hapo tuongee feni.

## Feni ya asili, na kama inafaa kubaki

5. Feni ya sumaku ya Peugeot inafanyaje kazi?

Wengi wanaitoa bila kujua wanatupa nini. Kwenye 404 na 504 nyingi, feni haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Kuna koili ya sumaku kwenye puli, na mapanga yanaelea kwenye bearing yake. Maji yakipata joto, swichi inapeleka umeme kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua pete ya shaba. Sumaku inashika bamba la feni na mapanga yanaanza kuzunguka na puli. Maji yakipoa, inaachia. Wazo ni lilelile la feni ya umeme ya leo, ila nguvu inatoka kwenye mkanda, siyo kwenye mota.

Ikikataa kushika, kagua hiyo kaboni kwanza. Ni ndogo kama ncha ya penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. Ikiisha, au kispringi chake kikishika kutu, feni inakaa kimya na wewe unalaumu rejeta. Pili ni mwanya kati ya sumaku na bamba, ambao hauzidi nusu milimita na unarekebishwa kwa skrubu tatu. Geji ya plagi inatosha kuupima. Zungusha skrubu moja robo, pima sehemu zote tatu, kisha nenda kwenye nyingine. Tatu ni waya wenyewe, uliokaa juu ya injini ya moto tangu enzi hizo na sasa unakatika ukiukunja.

Kama vitu hivi vitatu vinapatikana kwako, ushauri wangu ni uitengeneze na ufunge boneti. Umeme inaokula ni wa koili tu, na inatoa upepo wa feni ya mkanda.

6. Fundi ameifunga feni ya sumaku kwa bolti izunguke muda wote. Kuna ubaya?

Kwa kufika nyumbani hapana, ila usiiache hivyo mwaka mzima. Nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa mwendo uliozidishwa wenyewe mara tatu: mizunguko ikiwa maradufu, feni inakula mara 8. Ndiyo maana gari linanguruma kama ndege barabarani na mafuta yanashuka. Zaidi ya hapo, kama bolti hazikupimwa uzito, feni inayumba na bearing ya pampu inakufa mapema.

7. Naweza kuongeza mapanga badala ya kuingiza umeme?

Unaweza, na kwa Land Rover ya kijijini isiyo na fundi umeme karibu, naipenda njia hii. Feni ya mapanga mengi ya chuma au plastiki, pamoja na kava, inatatua foleni nyingi. Angalia vitu viwili: nafasi kati ya ncha za mapanga na rejeta, ukikumbuka injini hucheza kwenye mipira yake, na uzima wa panga lenyewe. Panga la chuma lenye ufa likikatika kwenye mizunguko 4,000 linapita kwenye boneti. Usinunue la mtumba bila kuliosha na kulikagua shinani.

8. Na ile feni ya mafuta ya silikoni, kama ya Land Cruiser?

Ni nzuri kwa injini zilizotengenezwa nayo. Kwa 504 au Series ni ndefu mno kwa nafasi iliyopo mbele ya pampu, na uzito wake unaning'inia kwenye bearing ambayo haikuandaliwa kuubeba. Siishauri.

## Kuchagua feni ya umeme

9. Faida yake halisi ni nini?

Upepo wake hautegemei mizunguko ya injini. Feni ya mkanda huzembea palepale unapoihitaji, yaani kwenye foleni, injini ikiwa silensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta). Feni ya umeme inatoa upepo wake wote hata gari likiwa limesimama. Kelele inapungua, na injini inapata moto upesi asubuhi.

Habari za kuongeza nguvu za farasi zichukuliwe kwa kiasi. Utaona tofauti ndogo kwenye mwendo wa juu, lakini gari halitakuwa jingine. Umeme nao hautoki mbinguni, unatoka kwenye altaneta inayovutwa na mkanda uleule.

10. Ninunue ya ukubwa gani?

Pima kiini cha rejeta, sehemu yenye mapezi tu, bila matenki. Chukua feni kubwa kuliko zote inayoingia ndani ya kipimo hicho, kwa kawaida inchi 14 au 16. Kisha pima unene: kutoka kwenye rejeta hadi ncha ya pampu ya maji, baada ya kuondoa feni ya zamani. Mota ndiyo sehemu nene, na lazima ibaki nafasi ya sentimita 2 hivi hadi kitu chochote kinachozunguka. Kama nafasi hiyo haipo, tafuta feni yenye mota bapa, au mbili ndogo zinazokaa pembeni ya pampu.

Namba za upepo zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini sana, maana hupimwa feni ikiwa hewani bila rejeta mbele yake. Namba ya ampea ndiyo inayosema ukweli. Feni ya inchi 16 inayodai upepo wa kimbunga kwa ampea 6 haiwezi kuwa na nguvu hiyo.

11. Ivute kutoka nyuma ya rejeta au isukume kutoka mbele?

Ivute, kama nafasi inaruhusu. Feni iliyo mbele inaziba njia ya upepo ukiwa barabarani, na inakula matope na mawe. Ya mbele inaruhusiwa pale pampu inapokaribiana sana na rejeta. Usinunue ya kuvuta ukaigeuza isukume kwa kubadili waya tu, angalia swali la 19.

12. Mpya ya bei rahisi au ya mtumba kutoka gari la Kijapani?

Mimi ningechukua ya mtumba iliyotoka kwenye gari la saluni la kawaida la Kijapani ikiwa na kava lake kamili. Imetengenezwa kukaa kwenye joto kwa miaka, na kava tayari lipo. Nenda Ilala kwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, ukiwa na futi ya kupimia na kadibodi uliyoikata kwa umbo la rejeta yako. Uiweke juu ya feni palepale kwenye meza ya muuzaji, mnashangaza watu kidogo lakini mnamaliza ubishi.

Mwambie aiunge kwenye betri kabla hujalipa. Isikilize ikianza na ikizima. Ikizima inatakiwa izunguke kidogo kwa ulaini kabla ya kusimama. Ikikwama ghafla au kukwaruza, bushi zimekwisha.

13. Kava la feni ni lazima?

Bila kava, feni inavuta hewa kupitia duara lililo mbele yake tu, na pembe nne za rejeta zinakaa bila kazi. Mbaya zaidi, hewa ya moto iliyokwisha kupita inazunguka na kurudi mbele. Fundi bati yeyote atakukunjia kava la bati la geji nyembamba kwa mchana mmoja. Liache mbali na mapezi kwa sentimita 3 au 5 ili hewa itoke eneo lote, na liwekee vipande vya mpira vinavyofunguka kwa upepo ukiwa mwendo kasi. Ukiongeza na sponji ya kuziba mianya kati ya rejeta na fremu, utashangaa.

## Umeme

14. Altaneta yangu itatosha?

Fanya hesabu kabla ya kununua. Feni ya inchi 14 hula takribani ampea 10 hadi 15. Ya inchi 16 yenye nguvu hufika 20 au 25, na sekunde ile inapoanza huvuta mara mbili au tatu ya hapo. Ongeza taa kubwa ampea 9, moto wa plagi 4, waipa 4, feni ya ndani 5 na taa ndogo. Usiku wa mvua kwenye foleni unazidi ampea 40 kwa urahisi.

Land Rover Series III ilikuja na altaneta ya Lucas 16ACR ya ampea 34 ikiwa mpya na ikizunguka kasi. Kwenye silensa inatoa kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo feni ya ampea 25 kwa altaneta hiyo ni kununua ugomvi na betri. Ama chagua feni ndogo yenye kava zuri, ama badilisha altaneta kwanza.

15. Gari langu lina dainamo. Je?

Basi usifunge feni ya umeme. Dainamo ya Lucas C40 iliyokuwa kwenye Series II mwisho wake ni ampea 22, na kwenye silensa haitoi karibu chochote. Feni itakula betri palepale kwenye foleni ambako dainamo imelala. Badilisha iwe altaneta, au rudi swali la 7.

16. Waya zipite vipi?

Feni isipewe umeme kupitia swichi ya funguo, swichi ya dashibodi, wala waya wa zamani wa gari. Inatakiwa njia yake yenyewe:

Kutoka ncha chanya ya betri, fyuzi ya ampea 30 isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kisha waya wa milimita 4 za mraba, au 6 kama feni inazidi ampea 20, hadi mguu 30 wa rilei ya ampea 40, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa (namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei yenyewe). Mguu 87 unakwenda kwenye feni. Ethi ya feni irudi kwa waya wa unene uleule hadi kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi, au betri kabisa. Mguu 86 unapata umeme mwembamba kutoka kwenye funguo, na mguu 85 unakwenda kwenye swichi ya joto, ambayo ndiyo inayoupeleka ethi.

Vuta waya mbali na manifoldi, uuvishe mpira wa kinga kila unapopita kwenye tundu la bati. Nilishaona 504 ambayo fundi aliunga feni kwa waya wa spika. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikana na mpira wa maji, na fyuzi haikuwepo kabisa. Mwenye gari alidhani harufu ile ni ya klachi.

17. Swichi ya joto niiweke wapi, na ya nyuzi ngapi?

Mahali pazuri ni kwenye rejeta yenyewe, fundi rejeta akikuchomelea bushi yenye nyuzi za skrubu, au kwenye kiungo cha bomba kinachokatwa katikati ya mpira. Epuka ile ya kichomeo kinachochomekwa kati ya mpira na bomba, maana huvuja siku zote.

Nyuzi zinategemea mahali. Upande maji yanakoingia kwenye rejeta, swichi inayowasha 92 na kuzima 87 inakwenda vizuri na thamostati ya 82. Upande yanakotokea, maji yameshapoa, hivyo chukua inayowasha 82 hadi 88. Kosa la kawaida ni swichi inayozima chini ya nyuzi ambazo thamostati inafungukia, ikiwa upande wa kuingilia. Hiyo haitazima kamwe.

Ijaribu kabla ya kuifunga. Weka maji kwenye sufuria jikoni, ning'iniza swichi kwa waya ili sehemu ya shaba tu iwe ndani na isiguse kitako, tia kipimajoto, washa jiko moto mdogo. Unga tester kwenye miguu miwili. Kwenye 92 inatakiwa ilie, halafu epua na usubiri inyamaze kwenye 87 hivi. Yangu ya kwanza ililia maji yakiwa yameanza kuchemka ingawa imeandikwa 92. Ingekuwa kwenye gari, ningeigundua kwa mvuke.

18. Kwa nini nisiwe na swichi ya dashibodi tu, niwashe mwenyewe?

Kwa sababu siku moja utasahau, au utamwazima shemeji gari. Iwepo kama nyongeza: iunge sambamba na swichi ya joto, kwenye mguu 85, pamoja na kitaa kidogo kinachowaka feni inapopata umeme. Kitaa hicho kitakufundisha gari lako kuliko geji.

## Kufunga

19. Feni inazunguka lakini gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Weka karatasi mbele ya grili. Isiposhikwa na upepo, feni inazunguka kinyume na inapigana na hewa ya barabarani. Badilisha waya mbili. Lakini kumbuka mapanga yamekunjwa kwa upande mmoja: feni iliyotengenezwa kusukuma, ukiilazimisha kuvuta kwa waya, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kwa aina nyingi panga linaweza kutolewa na kugeuzwa. Kama halitoki, rudisha dukani.

20. Zile pini za plastiki zinazopita katikati ya rejeta zinafaa?

Zinafaa kwa kutoboa rejeta. Feni inatikisika, pini inasugua mirija ya shaba, na baada ya miezi unaona tone la kijani. Tengeneza bano za chuma zinazoshika fremu ya rejeta juu na chini.

21. Nitoe feni ya zamani?

Toa, vinginevyo unalipia zote mbili. Kwa Land Rover, bolti za feni ndizo pia zinazoshika puli, kwa hiyo baada ya kuitoa utahitaji bolti fupi. Zile ndefu zinaweza kugusa mwili wa pampu. Ifunge feni ya zamani kwenye gunia lenye jina, iweke stoo.

Na chomoa betri kila unapoingiza mkono mbele. Feni iliyoungwa moja kwa moja huweza kuwaka funguo zikiwa mfukoni mwako.

## Hali za pekee

22. Naishi Nairobi. Mambo ni yaleyale kama Dar es Salaam au Mombasa?

Si yaleyale kabisa. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, hivyo feni ileile inabeba joto pungufu kwa karibu kiasi hicho kuliko unavyodhani ukisoma boksi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachokuokoa, kwa kuweka presha. Mpira wa kifuniko ukiwa umekauka, swichi ya 92 inakuachia nyuzi 2 tu kabla ya mvuke. Badilisha kifuniko kwa kingine cha presha ileile iliyoandikwa na mtengenezaji, wala usipande juu, maana rejeta ya zamani na mipira ya zamani vitapasuka. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Mbali na kuzuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa.

23. Nikizima injini kwenye foleni ya kivuko, mshale unapanda. Feni iendelee?

Kupanda huko ni kawaida: pampu imesimama, na chuma cha moto kinapasha maji yaliyotulia. Feni ikiendelea dakika 2 au 3 inasaidia kidogo, hasa kupunguza joto chini ya boneti lisigeuze petroli kuwa mvuke ndani ya kabureta. Ukitaka hivyo, mguu 86 upate umeme wa betri wa moja kwa moja kupitia fyuzi ndogo. Mimi nimeuunga kwenye funguo, kwa sababu betri yangu ni nzee na foleni ya Kigamboni ni ndefu.

Kwenye maji ya mafuriko, kinyume chake: zima. Mapanga yakipiga maji yanapinda kwenda mbele na kukata rejeta. Ndiyo maana madereva wa Land Rover walikuwa wakitoa mkanda kabla ya kuvuka mto. Weka swichi ya kuzima kwenye waya wa mguu 86.

24. Nina Volkswagen Beetle. Naweza kuifungia?

Hapana. Injini hiyo inapozwa kwa hewa, na feni yake ipo ndani ya kava la bati kwenye mhimili wa dainamo. Haina rejeta ya kufungia kitu. Kagua mkanda, mabati yote ya kuongoza hewa, na sponji ya kuzunguka injini. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa njiani, simama papo hapo, kwani mkanda ukikatika feni nayo imekufa.

25. Land Rover yangu ina ethi chanya. Feni itaungua?

Mota ya kawaida ya feni haiungui, ila itazunguka kinyume ukifuata rangi za waya. Unga kwa kubadilisha, kisha fanya jaribio la karatasi la swali la 19. Vinavyoungua ni vidhibiti vya kielektroniki na rilei zenye dayodi ndani. Tumia rilei ya kawaida na swichi ya joto ya kimitambo. Land Rover ziliacha ethi chanya karibu mwaka 1967, lakini usitegemee mwaka, angalia betri.

26. Nataka kulipeleka gari kwenye maonyesho. Majaji watalalamika?

Kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, kama ile ya Ngong kule Nairobi, kitu kisicho cha asili huonekana boneti ikifunguliwa. Kwa hiyo usikate wala kutoboa mwili wa gari, tumia matundu yaliyopo, na gunia la swali la 21 litakuwa na thamani.

27. Feni imekufa katikati ya mlima. Nifanye nini?

Pisha pembeni mahali salama, zima kiyoyozi kama kipo, fungua hita ya ndani hadi mwisho na feni yake kasi. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya ziada. Kama mshale bado unapanda, zima injini na ufungue boneti. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa.

Wakati unasubiri, tafuta kosa kwa mpangilio: fyuzi, kisha chomoa rilei na uunganishe tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya mnene. Feni ikiwaka, mota ni nzima na kosa liko kwenye rilei au swichi. Acha waya huo mpaka ufike mjini, na ukumbuke kuuchomoa ukiegesha. Ikikataa, unga mota moja kwa moja kwenye betri. Ikikataa hata hapo, subiri jua lishuke, panda kwa vipande vifupi, na pumzika kila mshale ukikaribia nyekundu. Waya wa futi 3, fyuzi mbili na rilei ya akiba vinaenea kwenye kopo la maziwa ya unga. Langu linakaa chini ya kiti cha dereva.